Basi la Kifahari Hupimwa Mtera

Stendi ni mahali pabaya pa kupimia basi. Pale Nanenane jijini Dodoma, au Igumbilo mjini Iringa, kila gari limeoshwa, kila konda amechomekea, na kila wakala yuko tayari kuapa kwamba kiyoyozi kinafika hadi siti ya nyuma. Bado wanaitafuta nauli yako. Ukitaka kujua basi linaloitwa la kifahari lina ufahari gani, lisubiri Mtera.

Mtera iko njiani kati ya miji hiyo miwili, inayotenganishwa na kilomita kama 260, na iko bondeni. Anayetoka Dodoma ameshateremka Fufu. Anayetoka Iringa ameshateremka Nyang'oro, kutoka mwinuko wa mita 1,600 hivi hadi kwenye bwawa la Mtera, ambako maji yakijaa kabisa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Joto la hapa halibembelezi mtu. Na tangu lami ikamilike (kipande cha Iringa hadi Fufu kupitia Migoli kilizinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 2018) hayapiti tena mabasi ya Dodoma na Iringa peke yake. Yanapita ya Arusha kwenda Mbeya, yakiwa yameshakula zaidi ya kilomita 500. Yakifika hapa, manukato ya asubuhi yameisha, soda imeshagawiwa na tabasamu limechoka. Kinachobaki ndiyo huduma yenyewe.

Abiria wa hapa ndio waamuzi ninaowaamini: wachuuzi wa samaki, walimu, watumishi wa umeme, wanafunzi, mama anayempeleka mtoto hospitali ya mkoa. Wao ni abiria wa njiani, na makonda wengi huwaona kama nyongeza tu. Kwa sababu hiyo wanajua jambo ambalo abiria wa stendi hulipitia mbali: huduma haipimwi kwa unachopewa wakati wanakutafuta, hupimwa kwa unachopata ukishalipa na huna pa kwenda. Yote yafuatayo yamejengwa juu ya kanuni hiyo.

Linavyosimama

Anza kupima kabla hujapanda. Basi la watu wanaojua kazi hupunguza mwendo mapema, huwasha indiketa, hutoka kabisa nje ya lami, na mlango hufunguka mbele yako. Basi la ovyo hupita hatua hamsini mbele, kisha konda anaanza kupiga ubavu wa gari kwa kiganja, "Fanya fasta, fasta!", nawe unakimbia na mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

Mwangalie konda anavyoshuka. Konda mmoja wa mabasi ya Mbeya nilimwona akimpokea bibi mmoja aliyekuwa na tenga na fimbo. Hakumuuliza anakwenda wapi. Alianza na "Shikamoo, bibi." Akasubiri marahaba yake. Kisha: "Siti yako ni ya dirishani, safu ya tatu. Tenga niachie mimi." Akalibeba kwa mikono miwili, akampa karatasi yenye namba ya mzigo, na akasimama nyuma yake wakati anapanda ngazi, mkono umenyooshwa bila kumgusa. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Dereva hakupiga honi hata mara moja, na hilo nalo ni sehemu ya ufundi: dereva asiyemharakisha konda wake ni dalili kwamba ratiba yao haikupangwa kwa kubahatisha.

Nusa magurudumu

Basi likisimama, sogea karibu na magurudumu ya nyuma, uvute pumzi. Ukisikia harufu kali ya breki zilizoungua, dereva ameteremka Nyang'oro au Fufu akiwa amekanyaga breki ya mguu njia nzima. Dereva fundi huteremka kwa gia ya chini na breki ya injini, akigusa breki ya mguu kwa vipindi vifupi, nalo gari hufika bondeni likinuka vumbi tu. Hakuna runinga wala siti ya ngozi inayofidia harufu ya breki zilizoungua.

Kipimo cha pili ni saa. Mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Piga hesabu: kilomita 260 kwa mwendo wa 80 bila kusimama popote ni masaa matatu na robo. Ongeza vijiji, kuanzia Mlowa Barabarani, Fufu na Chipogolo hadi Migoli na Izazi, ongeza matuta, ongeza mlima. Safari ya heshima haiwezi kupungua masaa manne. Konda anayejisifu kwamba wao "wanagonga" Iringa kwa masaa matatu anakutangazia kasoro ya gari lake akidhani anakuuzia sifa.

Kipimo cha tatu kinahitaji uwe ndani, siti za mbele. Madereva wa upande wa pili wakiwasha taa kutahadharisha kwamba mbele kuna trafiki mwenye tochi, tazama mguu wa dereva wako. Akiuondoa ghafla kwenye mafuta, ujue alikuwa amezidisha. Dereva ambaye mwendo wake haubadiliki hata akiwashiwa taa mara kumi, huyo mshikilie. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wamefungisha mabasi kifaa cha kufuatilia mwendo, na dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Kifaa hicho humbana mzembe, lakini dereva mzuri hutamtofautisha gari likiwa na kifaa au likiwa halina.

Siti, upepo na kivuli

Hesabu siti kwa upana wake kwenye safu. Tatu kwa mbili ni basi la kubanana, liite jina lolote. Mbili kwa mbili ndiyo kiwango cha heshima kwa safari hii. Mbili kwa moja ni anasa, na ukiilipia hakikisha siti inalala kweli na inarudi kweli, maana siti iliyokwama ikiwa imelala ni adhabu kwa aliye nyuma yako.

Kiyoyozi usikipime kwa kuweka kiganja kwenye tundu la juu ya kichwa chako. Pita hadi siti ya mwisho, juu ya injini, saa saba mchana, uone kama abiria wa kule wamelala au wanajipepea na tiketi. Basi ambalo madirisha yake hayafunguki na kiyoyozi chake kimezimwa "ili kupunguza mafuta" ni baya kuliko la kawaida lenye madirisha ya kusukuma.

Choo cha ndani nacho kina kipimo chake: usiulize kama kipo, fungua mlango. Nimewahi kufungua nikakuta maboksi ya nyanya yamepangwa hadi darini. Basi lisilo na choo lakini linasimama kwa mpangilio ili watu wachimbe dawa, wanawake upande wao na wanaume upande wao, mahali penye staha, linalizidi lile lenye choo cha maonyesho. Konda mzuri hutangaza kabla: "Tunasimama baada ya dakika kumi, kisha hatusimami tena hadi mjini." Mama mwenye mtoto mdogo hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa siri ya kivuli. Basi la asubuhi kutoka Dodoma linaelekea kusini, kwa hiyo jua liko kushoto, upande wa mlango. Kaa kulia, nyuma ya dereva. Utapata kivuli, na mkifika Mtera utapata bwawa, kwa kuwa maji yametandaa magharibi mwa barabara. Bwawa hili linaendesha mitambo ya megawati 80 hapa hapa na kuhifadhi maji ya Kidatu, mto ukishuka zaidi, kwenye mitambo ya megawati 204. Hata asiyejali umeme hufurahi kuliona. Ukirudi Dodoma mchana, kulia tena ndiko kwenye kivuli, ingawa bwawa utaliacha upande wa pili. Wakala anayekuuliza mwenyewe, "Unataka upande usio na jua?", ana alama zangu kabla sijaliona gari.

Soda na zamu yake

Mazoea ya kupewa soda na biskuti njiani yaliimarishwa na kampuni kama Scandinavia Express, ambayo miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 iliwafanya Watanzania wengi waamini kwamba basi linaweza kuwa na adabu. Kampuni ile imetoweka barabarani, soda imebaki. Na kwa kuwa kila mtu sasa anagawa soda, soda yenyewe si kipimo tena. Kipimo ni jinsi inavyogawiwa.

Angalia mambo matatu. Kwanza, inaanzia wapi? Mhudumu anayeanza mbele kila safari humfanya aliye nyuma apate iliyobaki, ile ambayo hakuna anayeitaka, tena imepata moto. Fundi hubadilisha zamu, au huuliza kwanza kisha akagawa. Pili, baada ya kunywa? Akirudi na mfuko wa taka, ni mhudumu. Chupa zikiachwa zibingirike chini ya siti, au watu wakazitupa dirishani wakati yeye anatazama filamu, basi ni mgawaji tu. Tatu, na hapa ndipo Mtera inapotoa hukumu: je, abiria aliyepanda njiani naye anapewa? Amelipa kwa kilomita zake, yuko kwenye siti kama mwingine. Mhudumu aliyemwekea maji ya baridi abiria wa Mtera bila kuombwa ameelewa kazi kuliko kampuni nzima iliyomwajiri.

Tuwe waadilifu lakini. Icon of the Seas, meli ya kitalii iliyoanza safari Januari 2024, ina wafanyakazi 2,350 kwa abiria wasiozidi 7,600, yaani mhudumu mmoja kwa watu watatu hivi. Basi lina dereva, konda na pengine dada mmoja wa huduma, kwa watu hamsini, kwenye sakafu inayoyumba, wawili hao wa mwisho wakiwa wamesimama njia nzima. Anayeweza kukumbuka katika hali hiyo kwamba siti namba 22 anashuka Izazi, amepata ufundi ambao hata melini ungelipwa.

Ukisafiri usiku, ongeza kipimo kingine. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea saa 24, Mtera huonekana gizani pia. Konda wa kawaida huwasha taa zote na kupaza sauti, "Wa Mtera! Wa Mtera!", gari zima linaamka. Konda fundi huja na tochi ya simu ameielekeza chini, anakugusa bega, anasema, "Mzee, tumekaribia." Waliolala hawajui hata kama mlisimama.

Samaki kwenye buti

Hakuna mtihani mgumu wa huduma kwenye njia hii kama samaki. Perege na kambale wa Mtera wanasafiri kila siku, wabichi, wakavu na wa kukaanga, na wanaowasafirisha ni wateja wa kudumu kuliko wateja wote. Wakati huohuo, jirani yao ni mtumishi mwenye suti ndani ya basi lililofungwa madirisha.

Makonda wavivu wana majibu mawili. Mmoja hukataa mzigo na kumfukuza mama wa watu. Mwingine hupokea pesa na kuweka ndoo popote, mpaka maji ya barafu yatiririke hadi kwenye begi la mwanafunzi. Fundi ana utaratibu. Hukagua mfuniko kwanza, na kama umelegea hukataa papo hapo, kwa upole, kabla ya kupokea hela. Hutandika turubai kwenye buti. Huweka samaki peke yao, upande wa nyuma, mbali na mabegi ya nguo. Huandika namba ya simu ya anayewapokea juu ya kiroba kwa kalamu ya wino mzito. Mjini akishusha, samaki hutoka kwanza, maana ndio wasiosubiri. Fungua buti la basi lolote uone kama kuna turubai. Kama lipo na ni safi, mengine mengi ndani ya basi hilo yatakuwa sawa.

Tiketi ya njiani

LATRA hupanga nauli za madaraja ya kawaida na ya kati kwa kilomita. Bei zilizoanza Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati. Kwa bei hizo, kwa kila kilomita 100 unazosafiri, kawaida ni shilingi 4,847 na kati ni 6,784. Hesabu hiyo ibebe kichwani. Konda akikutajia nauli ya Mtera hadi Iringa inayokaribia ile ya Dodoma hadi Iringa, muulize kwa sauti ya kawaida anapigia kilomita ngapi.

Kisha dai tiketi, ile inayotoka kwenye mashine, yenye jina la ulipopandia, unaposhukia na kiasi ulicholipa. Wako watakaokwambia, "Kaa tu anko, hakuna shida." Shida ipo. Asiye na tiketi hayumo kwenye orodha ya abiria, mzigo wake hauna mwenyewe, na siti yake ni ya kuazimwa: akitokea mwingine mwenye hela zaidi Migoli, atahamishiwa kwenye ndoo katikati ya njia. Konda anayekata tiketi ya abiria wa njiani bila kuombwa anaonyesha kwamba pesa inafika ofisini. Kampuni ambayo pesa yake inafika ofisini ndiyo yenye uwezo wa kununua matairi mapya.

Muda nao umepata mshindani. Tangu treni ya SGR izinduliwe rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma Agosti 2024, wapo wanaoshuka stesheni na kuunganisha basi la kusini, wakiwa wametoka kwenye chombo kilichoondoka kwa dakika iliyoandikwa. Hao hawavumilii tena "tunasubiri abiria wawili tu".

Uteja wa kudumu

Duniani kampuni za usafiri zina sayansi ya kumshika mteja. American Airlines ilianzisha mpango wake wa kuhesabu maili mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata. Kwenye meli za Royal Caribbean abiria hukusanya pointi kwa kila usiku anaolala melini, ngazi kwa ngazi, mpaka ya juu kabisa inayotaka pointi 700. Lalamiko la kawaida la wakongwe wa meli hizo ni kwamba wenye ngazi za juu wamekuwa wengi mno, mpaka sebule iliyotengwa kwa ajili yao imejaa. Kila mtu akiwa wa heshima, foleni inabaki palepale.

Kwetu uteja wa kudumu umekaa kwenye simu ya konda. Amekusevu "Mwalimu Mtera" au "Mama Perege". Ukimpigia usiku, anakwambia nani anashuka Chipogolo kesho ili siti yake iwe yako. Anakubebea kifurushi hata kama husafiri. Siku mauzo yakiwa mabaya anakukopesha nauli hadi gulio lijalo. Akihamia kampuni nyingine, wateja wake huhama naye, na mwenye basi hubaki akishangaa kwa nini siti za Mtera ziko wazi.

Mpango wa namna hiyo una uzuri wake, lakini uupime kwa maswali. Upendeleo wako unamuumiza nani? Konda akimnyanyua mwanafunzi mwenye tiketi ili ukae wewe, kesho atakunyanyua wewe kwa ajili ya mwingine. Ofisi inakujua, au ni yeye tu? Akiugua wiki moja ukawa mgeni kabisa, huna kampuni, una rafiki. Na kampuni ikikuahidi safari moja ya bure baada ya safari kadhaa za kulipia, uliza kama safari za kupandia njiani zinahesabika, na kama unaweza kumpa mama yako safari hiyo. Wengi watajikuna kichwa kwenye swali la kwanza tu.

Swali kubwa kuliko yote ni Desemba. Watu wakirudi makwao kwa sikukuu, au shule zinapofunguliwa Januari, nauli hupaa kimyakimya na namba za makonda huwa hazipokelewi. Mteja wa kudumu aliyelipa Desemba nauli ileile ya Juni, akakalia siti ileile, ana kitu ambacho kadi yoyote ya dhahabu haiwezi kuahidi. Mengine yote ni pipi.

Kujumlisha

Ukipima, usigawe alama sawasawa. Breki na mwendo kwanza. Basi likishindwa hapo, usiendelee na hesabu. Tiketi na siti ya haki ndizo zinazofuata, kwa kuwa uaminifu mdogo huonyesha ule mkubwa. Mzigo wa tatu, kauli ya konda ya nne, kiyoyozi cha tano. Soda, filamu na chaji ya simu viwe vya mwisho, na visiokoe basi lililofeli juu. Pima katika siku tofauti, mchana na usiku, mwezi wa kawaida na mwezi wa sikukuu, maana gari ni lilelile lakini watu hubadilika. Na basi likifanya vizuri, mwambie konda mbele ya dereva wake, kisha piga simu ofisini useme namba ya gari. Malalamiko hufika huko kila siku, sifa hazifiki.

Utaona haraka kwamba daraja lililoandikwa ubavuni na daraja la huduma si lazima vikutane. Ukiwa na nauli ya daraja la kati mfukoni, na mbele yako likasimama la kawaida lenye magurudumu yasiyonuka, buti lenye turubai na konda aliyekuamkia kabla ya kukuuliza hela, panda hilo. Chenji itakayobaki kanunulie perege wa kukaanga pale kando ya barabara, uwafunge vizuri, maana jirani yako naye amelipa nauli.